Definiensi

Definiensi (kutoka Kilatini definiens, yaani "kinachofasili") ni ile sehemu ya fasili inayotoa maana ya neno au dhana inayofasiliwa. Neno lenyewe linalotafutiwa maana huitwa definiendumu (kutoka Kilatini definiendum, yaani "kinachopaswa kufasiliwa"). Katika fasili "mjomba ni kaka wa mama", neno mjomba ni definiendumu, na maneno kaka wa mama ni definiensi. Neno "ni" linaziunganisha sehemu hizo mbili. Katika maandishi ya hisabati na sheria nafasi yake huchukuliwa na alama au maneno kama "maana yake".

Istilahi hizi hutumika hasa katika mantiki, falsafa, hisabati, sheria na utungaji wa kamusi. Zinasaidia kuona mahali ugomvi ulipo. Watu wawili wanaobishana kama Pluto ni sayari, au kama msichana wa miaka 16 ni mtoto, mara nyingi hawatofautiani juu ya Pluto wala juu ya msichana. Wanatumia definiendumu moja, lakini kila mmoja ana definiensi yake.

Asili ya maneno

Kitenzi cha Kilatini definire kinatokana na finis, yaani "mpaka" au "mwisho". Kufasili kwa Kilatini basi ni kuweka mipaka, kama mtu anayepanda miti kuonyesha shamba lake linaishia wapi.

Viishio vya maneno haya mawili vinafahamika hata kwa msemaji wa Kiswahili asiyejua Kilatini, kwa sababu vimo ndani ya maneno ya mkopo ya kila siku. "Ajenda" ya kikao ni agenda ya Kilatini, "mambo yanayopaswa kutendwa", na ina umbo lilelile la definiendum. "Ajenti" anatokana na agens, "anayetenda", na ana umbo la definiens. Uhusiano wa ajenda na ajenti ndio uhusiano wa definiendumu na definiensi: moja inasubiri kufanyiwa kazi, nyingine inaifanya.

Kwa Kilatini wingi ni definientia na definienda. Katika Kiswahili maneno haya yanaingia katika ngeli ya nomino zisizobadilika umbo: definiensi moja, definiensi nyingi.

Uhusiano na kidahizo

Wanaoandika kamusi za Kiswahili wana neno lao, kidahizo, kwa neno linaloorodheshwa na kuelezwa maana. Kidahizo kinakaribiana na definiendumu lakini hakilingani nayo kabisa. "Mbuzi" ni mnyama afugwaye kwa nyama na maziwa; "mbuzi" vilevile ni kifaa chenye kibao cha kukalia na chuma chenye meno cha kukunia nazi. Kamusi inaweza kuandika kidahizo kimoja na kukipa maana mbili, au vidahizo viwili vyenye namba. Kwa upande wa mantiki hapa pana definiendumu mbili zinazoandikwa sawa, na kila moja inahitaji definiensi yake. Mtu akichanganya hizo mbili atapata hoja ya ajabu: kila mbuzi hula majani, hiki cha jikoni ni mbuzi, basi hiki cha jikoni hula majani.

Mfano huo unagusa swali la zamani: definiendumu ni neno, au ni kitu chenyewe? Wanafalsafa wa kale walifikiri wanafasili vitu. Kwao fasili ya mtu ilipaswa kusema mtu ni nini hasa, si kueleza jinsi watu wanavyolitumia neno "mtu". Wanamantiki wa karne ya 20 kwa kawaida walisema kinachofasiliwa ni neno au alama tu. Mitazamo yote miwili bado ina watetezi, na mtungaji wa kamusi anatembea katikati: anasema anaeleza neno, lakini ili aeleze neno "mchwa" lazima ajue kitu kuhusu mchwa.

Historia

Maneno ni ya Kilatini, lakini fikra ni ya Kigiriki. Katika maandiko ya Plato, Sokrates anawauliza watu wa Athens maana ya maneno wanayoyatumia kwa kujiamini. Katika mazungumzo yaitwayo Euthyphro anauliza uchaji ni nini, na Euthyphro anajibu kwa mfano: uchaji ni hiki anachokifanya yeye, kumshtaki mkosaji hata akiwa baba yake. Sokrates hakubali. Anachotaka ni ile sifa moja inayofanya matendo yote ya uchaji yawe ya uchaji. Kwa lugha ya makala hii, alipewa mfano mahali alipoomba definiensi.

Aristoteli (384–322 KK) aliliandikia jambo hili kanuni. Katika kitabu chake Topika alieleza kuwa fasili ni maneno yanayoonyesha kitu ni nini, na kwamba hujengwa kwa kutaja kwanza kundi kubwa ambamo kitu kimo, kisha sifa inayokitenga na wenzake wa kundi hilo. Karne ya 3 BK Porphyry aliandika utangulizi mfupi wa mantiki, Isagoge, ambao Boethius (aliyefariki takriban mwaka 524) aliutafsiri kwa Kilatini. Kwa njia hiyo wanafunzi wa Ulaya ya zama za kati walijifunza kufasili kwa istilahi za Kilatini genus na differentia.

Kitabu hichohicho kilifika pia katika ulimwengu wa Kiislamu. Wanamantiki walioandika kwa Kiarabu, akiwemo Ibn Sina, waliita fasili hadd, neno ambalo pia lina maana ya mpaka. Kundi kubwa waliliita jins, na sifa pambanuzi fasl, yaani kitenganishi. Katika karne ya 13 al-Abhari alitunga muhtasari wa mantiki uliobeba jina la kitabu cha Porphyry, Isaghuji, na ukasomeshwa katika madrasa kwa karne nyingi. Neno jins limo pia katika Kiswahili kama "jinsi", ingawa msemaji wa leo hafikirii mantiki anapolitamka.

Jozi ya definiendumu na definiensi ilikuwa ya kawaida katika mantiki ya kisasa kutokana, miongoni mwa mengine, na Principia Mathematica ya Alfred North Whitehead na Bertrand Russell (1910–1913). Hao waliandika fasili kwa alama ya usawa, kushoto definiendumu na kulia definiensi, na herufi Df mwishoni. Walishikilia kwamba fasili inahusu alama tu: haisemi jambo la kweli wala la uongo juu ya dunia, bali inatangaza kwamba kuanzia hapo alama hii fupi itasimama badala ya ile ndefu. Hata hivyo walikiri kuwa uchaguzi wa kitu gani kipewe fasili unaonyesha mwandishi anakiona kipi kuwa muhimu.

Jenasi na sifa pambanuzi

Definiensi ya mtindo wa Aristoteli ina sehemu mbili. Katika "kaka wa mama", neno kaka ni jenasi, kwa kuwa linamweka mjomba katika kundi la ndugu wa kiume. Maneno wa mama ni sifa pambanuzi, kwa kuwa yanamtenga na baba mkubwa na baba mdogo, ambao ni ndugu wa kiume wa baba. Fasili nyingi za nomino katika kamusi zinafuata njia hii: kinu ni chombo (jenasi) cha kutwangia (sifa pambanuzi).

Kuchagua jenasi si kazi ndogo kama inavyoonekana. Anayeanza kufasili kinu kwa neno "kitu" hajakosea, lakini amebaki mbali mno, na sifa pambanuzi italazimika kufanya kazi yote peke yake. Anayeanza kwa "chombo" amekwisha kumsaidia msomaji. Jenasi nzuri ndiyo ile iliyo karibu.

Kisa maarufu cha sifa pambanuzi iliyoshindwa kimesimuliwa na Diogenes Laertius katika kitabu chake cha maisha ya wanafalsafa. Plato, anasema, alimfasili mtu kuwa mnyama wa miguu miwili asiye na manyoya ya ndege, na watu wakasifu. Diogenes wa Sinope akamnyonyoa jogoo, akamleta darasani na kutangaza kwamba huyu ndiye mtu wa Plato. Baada ya hapo fasili ikaongezewa maneno "mwenye kucha pana". Ni mzaha, lakini unaonyesha njia ambayo hadi leo hutumika kupima definiensi: kutafuta kitu kimoja kinachoingia ambacho hakistahili, au kinachobaki nje ambacho kinastahili.

Masharti ya definiensi

Sharti la kwanza ni kwamba definiensi ilingane na definiendumu kwa upana. "Mjomba ni ndugu wa mama" ni pana mno, kwa sababu ndugu wa mama ni pamoja na mama mkubwa na mama mdogo. "Mjomba ni kaka mkubwa wa mama" ni finyu mno, kwa sababu inamwacha nje kaka aliyezaliwa baada ya mama. Fasili moja inaweza kuwa pana na finyu kwa wakati mmoja. Ukisema mjomba ni ndugu mkubwa wa mama, umemwingiza mama mkubwa na kumtoa mjomba mdogo.

Sharti la pili ni kutozunguka. Definiensi haitakiwi kuwa na definiendumu ndani yake, wala neno ambalo lenyewe hufasiliwa kwa definiendumu hiyo. Mduara wa hatua moja huonekana upesi. Ule wa hatua tatu hujificha: mwizi ni mtu anayeiba, kuiba ni kufanya wizi, wizi ni kitendo cha mwizi. Msomaji asiyejua lolote kati ya maneno hayo atafungua kurasa tatu na kurudi alikoanzia. Kamusi ya lugha moja haiwezi kuikwepa miduara yote, kwa kuwa maneno yake yote yanafasiliwa kwa maneno mengine yaliyomo humohumo. Inachoweza kufanya ni kuhakikisha miduara ni mikubwa na inapita katika maneno ambayo kila msemaji anayajua.

Definiensi pia inatakiwa iwe wazi kuliko definiendumu, na isiwe ya sitiari. "Ngamia ni jahazi la jangwani" ni msemo mzuri, lakini asiyemjua ngamia ataondoka akitafuta matanga. Kitendawili kinafanya kinyume kwa makusudi: kinatoa definiensi ya mafumbo, mfano nyumba isiyo na mlango, na kumwachia msikilizaji atafute definiendumu, ambayo ni yai. Kitendawili hakidaiwi kulingana kwa upana. Kaburi nalo ni nyumba isiyo na mlango, lakini wasikilizaji wamekubaliana jibu ni lipi.

Vitabu vya mantiki huongeza kwamba definiensi isiwe ya kukanusha pale inapowezekana kutokanusha. Sharti hili ni dhaifu kuliko mengine. Kipofu ni mtu asiyeona, na hakuna njia ya kueleza hivyo bila kukanusha.

Kipimo kinachotumika sana ni cha kubadilisha. Blaise Pascal (1623–1662) alishauri kwamba kila anayetumia neno lililofasiliwa aweke akilini definiensi mahali pake, ili neno lisimdanganye. "Mjomba amefika" igeuke "kaka wa mama amefika". Sentensi ikibaki kweli pale ilipokuwa kweli, fasili imepita. Kipimo hiki hugonga mwamba katika matumizi ya heshima na utani. Kijana anayemwita muuza machungwa "mjomba" hamaanishi kwamba huyo ni kaka wa mama yake. Hapo mtungaji wa kamusi hana budi kuongeza maana ya pili, kwa sababu kazi yake ni kufuata wasemaji.

Katika hisabati

Katika hisabati definiensi inaamua nini kitathibitishika. Namba tasa hufasiliwa kuwa namba kamili iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Maneno "kubwa kuliko 1" yanaonekana kama nyongeza ya hiari, na kweli zamani si wote waliyaweka: Christian Goldbach, alipomwandikia Leonhard Euler mwaka 1742, aliihesabu 1 kuwa namba tasa. Sababu ya kuitoa ni ya manufaa. Ikiwa 1 imo nje, kila namba kubwa kuliko 1 inavunjwa kwa njia moja tu kuwa zao la namba tasa, kama vile 6 = 2 × 3. Ikiwa imo ndani, 6 ni pia 1 × 2 × 3, na 1 × 1 × 2 × 3, bila mwisho.

Definiensi mbovu inaweza hata kuleta ukinzani. Tuseme mtu anafasili kugawanya hivi: x ÷ y ni ile namba z ambayo y × z = x, bila kuongeza kwamba y isiwe 0. Kwa kuwa 0 × 1 = 0, basi 0 ÷ 0 ni 1. Kwa kuwa 0 × 2 = 0, basi 0 ÷ 0 ni 2. Kwa hiyo 1 ni sawa na 2, na hesabu yote imeanguka kwa kukosa maneno machache upande wa definiensi. Ndiyo maana wanamantiki wanadai mambo mawili kwa fasili rasmi: definiendumu iweze kuondolewa popote na kuwekewa definiensi mahali pake, na fasili yenyewe isizae ukweli mpya ambao haukuwepo kabla yake. Madai haya kwa kawaida huhusishwa na mwanamantiki wa Poland Stanisław Leśniewski.

Katika sayansi

Sayansi huonyesha definiendumu ikibaki ileile huku definiensi ikibadilishwa. Mita ndiyo mfano bora. Wafaransa wa miaka ya 1790 waliifasili kuwa sehemu moja kati ya milioni 10 za umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, wakipima kwa mstari unaopita Paris. Kipimo kilichofuata kilikuwa na kosa dogo, hivyo mita iliyotumika ikawa fupi kwa takriban milimita 0.2 kuliko ilivyokusudiwa. Mwaka 1889 mita ikawa urefu uliowekwa alama kwenye pau ya platini na iridi. Mwaka 1960 ikawa idadi fulani ya mawimbi ya mwanga wa kriptoni-86. Na tangu mwaka 1983 ni umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe kwa muda wa 1/299,792,458 ya sekunde. Fundi cherehani hakuona tofauti yoyote. Lakini mtu aliyetaka kujua kama futi yake ni sahihi alitakiwa, kwa nyakati tofauti, kuulinganisha na Dunia, na kipande cha madini, na mwanga.

Mabadiliko ya neno sayari yalionekana zaidi. Pluto, iliyogunduliwa mwaka 1930, ilihesabiwa sayari ya 9. Mwaka 2005 ilitangazwa kupatikana kwa Eris, gimba la mbali zaidi lenye ukubwa unaokaribiana na Pluto, na ikabidi ama orodha irefuke ama Pluto iondoke. Tarehe 24 Agosti 2006 mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mjini Prague ulipitisha definiensi yenye masharti matatu: gimba linalozunguka Jua, lenye masi ya kutosha kuwa na umbo karibu na tufe, na lililosafisha eneo la njia yake. Pluto inatimiza mawili ya kwanza na kushindwa la tatu, ikawa sayari kibete. Kwa kuwa fasili hiyo inataja Jua, inahusu Mfumo wa Jua pekee. Maelfu ya sayari zinazozunguka nyota nyingine hazimo.

Maneno yasiyo na definiensi moja

Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1953 baada ya kifo chake, aliuliza sifa gani inapatikana katika michezo yote: bao, karata, mpira, mtoto anayerusha mpira ukutani. Mingine ina mshindi, mingine haina. Mingine inataka ustadi, mingine bahati. Jibu lake ni kwamba inafanana kama watu wa ukoo wanavyofanana, huyu kwa pua na yule kwa mwendo, bila sifa moja ya wote. Kabla yake, mwaka 1903, G. E. Moore alidai kwamba neno "jema" halifasiliki kabisa, kwa sababu ni sahili kama rangi ya njano. Kwa neno "ujuzi" hali ni tofauti kidogo: wengi waliona definiensi yake ni imani ya kweli yenye sababu nzuri, mpaka mwaka 1963 Edmund Gettier alipoonyesha, katika makala ya kurasa tatu, kwamba mtu anaweza kuwa na hayo yote kwa bahati tu.

Katika sheria

Sheria nyingi huanza na kifungu cha tafsiri, ambacho ni orodha ya definiendumu na definiensi zake. Mahakama hutofautisha namna mbili za kuunganisha. Sheria ikisema neno fulani "maana yake" ni hili, kwa kawaida definiensi imefungwa. Ikisema neno "linajumuisha" haya, maana ya kawaida inabaki na haya yanaongezwa juu yake. Sheria za Tanzania mara nyingi hutanguliza maneno "isipokuwa kama muktadha utahitaji vinginevyo", ambayo yanamruhusu jaji kuiacha definiensi pale inapoleta matokeo yasiyokusudiwa.

Neno "mtoto" linaonyesha uzito wa sharti moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamfasili mtoto kuwa kila binadamu aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kama kwa sheria inayomhusu anafikia utu uzima mapema zaidi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema kila binadamu aliye chini ya miaka 18, na kuishia hapo. Maneno ya "isipokuwa" hayamo. Nchi yenye sheria inayomhesabu mtu wa miaka 16 kuwa mtu mzima inaweza kujitetea mbele ya mkataba wa kwanza. Mbele ya ule wa Afrika haina mlango huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inaweka miaka 18 bila isipokuwa.

Tanzania definiensi hiyo iligongana na sheria ya zamani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa ndoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, kwa ridhaa ya mzazi au mlezi akiwa hajatimiza 18. Hivyo msichana yuleyule wa miaka 15 alikuwa mtoto kwa sheria moja, na kwa nyingine aliweza kuwa mke. Katika kesi iliyofunguliwa na mwanasheria Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vya Sheria ya Ndoa vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikatupilia mbali rufaa ya serikali Oktoba 2019.

Definiensi ngumu kuliko hizo zote ililetwa Arusha. Mkataba wa mwaka 1948 unafasili mauaji ya kimbari kuwa matendo matano yanayotajwa, yakifanywa kwa nia ya kuangamiza, lote au sehemu, kundi la kitaifa, la kikabila, la kimbari au la kidini. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1946 lilikuwa limetaja pia makundi ya kisiasa. Katika mkataba yaliachwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilipomhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilibidi ijibu kama Watutsi ni kundi la aina hiyo. Majaji walieleza kundi la kikabila kuwa ni lile ambalo watu wake wana lugha au utamaduni mmoja. Lakini Wahutu na Watutsi wote husema Kinyarwanda na wana utamaduni mmoja. Definiensi ikichukuliwa neno kwa neno, waliouawa mwaka 1994 wangeweza kubaki nje yake.

Mahakama haikukubali matokeo hayo. Ilirejea kumbukumbu za majadiliano ya waandishi wa mkataba na kuona kwamba walikusudia kulinda kila kundi thabiti na la kudumu, ambalo mtu huingia kwa kuzaliwa. Ilizingatia pia kwamba nchini Rwanda kila raia alibeba kitambulisho kilichotaja kama ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na kwamba Wanyarwanda wenyewe walijitambua hivyo. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alipatikana na hatia, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa.

Katika hukumu hiyohiyo majaji walikuta definiendumu isiyo na definiensi. Ubakaji ulitajwa kuwa kosa katika sheria ya kimataifa, lakini hapakuwa na fasili yake iliyokubaliwa. Walikataa kuorodhesha viungo vya mwili na vitu vilivyotumika, wakasema ni uvamizi wa kimwili wenye asili ya kingono unaofanywa kwa mtu katika mazingira ya kulazimishwa. Sifa pambanuzi ikawa ni mazingira hayo: mbele ya wanamgambo wenye silaha, kukosekana kwa vitisho vya maneno au kipigo hakukumtoa mwanamke yeyote nje ya fasili.